Vyeti ninavyo, lakini darasa bado liko kimya

BARUA

Mwalimu mshauri, pokea salamu zangu kutoka Khwisero.

Mimi ni mwalimu wa JSS, yaani sekondari ya chini, katika shule moja ya kutwa huku kaunti ya Kakamega. Chuo kikuu nilisomea ualimu wa Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kikristo. Nilipofika hapa nilikuta masomo ni mengi kuliko walimu. Ratiba ilipogawanywa nilipewa Kiswahili, kisha nikaongezewa Sayansi Jumuishi ya Gredi ya 7 na ya 8 kwa sababu aliyekuwa akiifundisha alipata uhamisho. Mkuu aliniambia, "Mwalimu, wewe bado kijana, utajifunza." Kweli najifunza. Usiku nasoma kitabu cha mwanafunzi na mwongozo wa mwalimu, na asubuhi naingia darasani nikiwa nimewatangulia wanafunzi kurasa mbili tu.

Shida yangu ni kimya. Watoto wale wale kwenye Kiswahili hunichangamkia mpaka nawatuliza. Sayansi ikifika, nikiuliza swali wote wanainamia madawati. Hujibu wawili watatu wa mstari wa mbele, kila siku ni hao hao. Mwishoni nauliza kama tumeelewana na darasa zima linaitikia, "Yes, teacher!" Nikisahihisha madaftari naona hakuna kilichoeleweka. Wananakili maana ya asidi neno kwa neno kutoka kitabuni, lakini ukiwataka wataje asidi moja iliyo jikoni kwao, wanaacha pengo.

Si kwamba sijatafuta mafunzo. Nimehudhuria warsha nyingi wakati wa likizo, nauli ikitoka mfukoni mwangu. Tunaketi ukumbini tangu asubuhi mpaka jioni, mkufunzi anatusomea slaidi zinazosema mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, tunapiga picha ya pamoja, tunapewa vyeti. Faili yangu imejaa vyeti. Jumatatu narudi kwa kimya kile kile.

Naibu wa mkuu huja kunitazama nikifundisha kwa ajili ya TPAD, ile tathmini ya utendaji wa mwalimu. Siku hiyo watoto wanakakamaa na mimi nakakamaa. Nachagua kipindi ninachokimudu, ananipa alama nzuri, tunatia sahihi. CSO, yule afisa wa zoni wa kusaidia ufundishaji wa mtaala, naye akija hukagua maazimio ya kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi, anaandika kwenye kitabu cha wageni na kuelekea shule nyingine. Simlaumu, ana shule nyingi.

Sasa kwenye kundi letu la WhatsApp kuna watu wanauza kozi ya wikendi mbili ya mbinu za kisasa za kufundisha sayansi. Wanataka Sh8,500, na wanasema cheti chao kitahesabiwa na TSC, Tume ya Huduma kwa Walimu. Mwenzangu mmoja amelipa. Mimi itabidi nikope kwenye chama chetu cha akiba, na usajili unafungwa mwisho wa mwezi huu. Nilipe? Na nisipolipa, nimwendee nani? Uwanja tunashiriki na walimu wa shule ya msingi, lakini ofisi zetu ni mbali mbali, na tangu JSS ilipoletwa hapa 2023 hatujawahi kuzoeana sana. Nikimwambia naibu kwamba sayansi inanishinda, naogopa nitakutana na maneno hayo kwenye TPAD.

Nisaidie tafadhali.

Mwalimu wa Gredi ya 8, Khwisero

JIBU

Mwalimu wa Khwisero,

Usilipe. Hilo nalitanguliza kwa sababu mwisho wa mwezi u karibu na deni la chama si la kuchukua kwa pupa.

Kabla hujatoa hata shilingi moja kwa mtu yeyote anayetaja TSC, mwombe akuonyeshe barua ya Tume inayomruhusu kutoa mafunzo hayo. Mpango rasmi wa TPD, yaani mafunzo ya kukuza taaluma ya walimu, ulipozinduliwa Septemba 2021, Tume iliteua taasisi nne: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara, na KEMI ambayo ni taasisi ya serikali. Ulipangwa kuwa na moduli sita, kila moja ikichukua miaka mitano, kwa ada ya Sh6,000 kila mwaka, na vyama vya walimu vikaupinga hadharani, ada yenyewe ikiwa mojawapo ya sababu. Mambo ya aina hii hubadilika, kwa hivyo nani ameidhinishwa leo ukaulize katika ofisi ya mkurugenzi wa TSC wa kaunti, pale Kakamega mjini. Usitegemee kundi la WhatsApp. Anayekuahidi kwamba cheti chake kitahesabiwa, na hana barua, hana anachokuuzia zaidi ya hiyo ahadi.

Lakini tuseme barua wanayo. Bado ningekuambia usilipe, kwa sababu unachokosa hakipatikani ukumbini. Nimesoma barua yako na kuirudia, na nimeona kwamba watu wote waliokufikia kwa jina la msaada hawajawahi kuwatazama watoto wako. Mkufunzi wa warsha hawajui. Naibu alikutazama wewe akiwa na fomu mkononi. CSO alitazama makaratasi. Kimya kiko kwa watoto, na hakuna aliyeketi karibu nao akasikiliza wanachonong'onezana unapouliza swali.

Hapa Kenya tumechanganya mambo matatu mpaka mwalimu wa kawaida haoni tena tofauti. TPAD ni tathmini, ina alama, na ina faili. TPD ni masomo rasmi ya kukuza taaluma. La tatu ni mtu kuja darasani kwako, kutazama pamoja nawe, kuzungumza nawe jambo moja, kisha kurudi kuona kama limebadilika. Hilo la tatu ndilo linalobadilisha ufundishaji, na ndilo linalokosekana katika shule nyingi kwa sababu halina cheti wala picha ya pamoja. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona walimu hodari wakikata tamaa huku faili zao zikizidi kunenepa.

Usidhani ni maoni yangu tu. Afrika Kusini, katika mkoa wa North West, watafiti walifuatilia shule 230 ambako watoto walikuwa wakifunzwa kusoma Kisetswana. Kundi moja la walimu liliitwa kwenye mafunzo ya pamoja. Kundi jingine lilipata maandalio yale yale ya masomo, ila badala ya kutegemea ukumbi, walimu hao walitembelewa darasani na mkufunzi mara kwa mara. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa yamepiga hatua, lakini watoto ambao walimu wao walitembelewa walikuwa wamepata faida karibu maradufu. Ujumbe kwa walimu ulikuwa ule ule. Tofauti ilikuwa mahali ulipopelekwa.

Na wala hatuhitaji kwenda Afrika Kusini. Tusome, ule mpango wa kuwafunza watoto wa madarasa ya chini kusoma, ilipoanza katika shule zote za msingi za umma mwaka 2015, baada ya kujaribiwa katika kaunti kadhaa ikiwemo jirani yenu Bungoma, kazi ya CSO ilibadilika. Alipewa tableti, akatakiwa aingie darasani, atazame somo la Kiswahili au Kiingereza mwanzo hadi mwisho, achague watoto watatu wamsomee, halafu azungumze na mwalimu papo hapo. Walimu wengi wa madarasa ya chini wakazoea kutazamwa bila kutetemeka, kwa kuwa anayetazama alikuja kuzungumzia watoto.

Ndiyo maana mtu wa kwanza ninayetaka umwendee ni mwalimu wa Gredi ya 2 au ya 3 hapo hapo shuleni kwenu. Ndiyo, huyo ambaye hamketi ofisi moja. Kama amefundisha madarasa ya chini tangu miaka ya Tusome, basi ametazamwa, amezungumziwa somo lake, na amejifunza kumfanya mtoto wa miaka saba afungue kinywa mbele ya wenzake. Hajui tofauti ya asidi na besi kukushinda, na hilo halina shida, kwa sababu humwiti kwa ajili ya kemia. Unamwita kwa ajili ya kimya. Najua kuna maneno mengi kati ya walimu wa JSS na wa msingi kuhusu nani ana digrii, nani yuko chini ya nani, ofisi ni ya nani. Maneno hayo yamewanyima walimu vijana wa JSS msaada ulio karibu nao kuliko wote, na nyinyi mmewanyima wao ujuzi wenu wa somo. Mfuate saa ya chai, msalimie kwa heshima anayostahili mtu aliyekutangulia kazini, na umwambie ukweli: "Mwalimu, darasa langu la Sayansi halizungumzi. Naomba uje ukae nyuma kipindi kimoja unitazamie watoto. Nami nitakuja kwako siku utakayotaka."

Hilo la kurudisha mkono usilisahau. Utakapoketi katika Gredi ya 3 ukamwona akifundisha, utajifunza mengi kuliko atakayokuambia mdomoni.

Kabla hajaja, mkubaliane mambo mawili. Kwanza, atakachoandika ni chako. Hakiingii kwenye faili, hakisomwi ofisini, na mkimaliza anakuachia karatasi. Pili, hatazami kama umevaa vizuri, kama ubao umepangwa, au kama sauti yako inafika nyuma. Anatazama watoto.

Karatasi yenyewe iwe hivi. Achore madawati kama yalivyo, kila mtoto na duara lake. Ukimwita mtoto ajibu, anapiga kistari ndani ya duara lake. Mtoto akijibu kwa kuinua mkono mwenyewe, anatia nukta. Akiuliza swali, anatia msalaba. Pembeni aandike maneno atakayoyasikia watoto wakisemezana, kama yalivyo, iwe kwa Kiswahili au kwa Kiluhya chao. Kipindi kikiisha mtaona ramani. Vistari vyako huenda vimesongamana mstari wa mbele, na kule karibu na dirisha kuna watoto ambao dakika arobaini zimepita juu yao bila hata alama moja. Mwalimu aliyesimama mbele haoni haya, hata awe hodari vipi, maana ana mengi ya kufikiria kwa wakati mmoja.

Mwombe pia jambo moja dogo: ahesabu kimoyomoyo tangu umalize kuuliza swali mpaka useme tena, ama kwa kumtaja mtu, ama kwa kurudia swali, ama kwa kujijibu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza vipindi vya sayansi, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde moja tu. Walipozoezwa kusubiri tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, watoto wengi zaidi walijitolea kujibu, na wale wasiosema chochote walipungua. Sekunde tatu darasani ni ndefu, utahisi kama umesahau somo. Mwalimu anayefundisha somo asilolisomea huenda akasubiri muda mfupi zaidi kuliko wengine, kwa sababu kimya kinamtisha, anaogopa kitafichua kitu. Huenda ndiyo hali yako. Huenda si hiyo. Karatasi itasema.

Nina shaka nyingine ambayo ningependa mwenzako aichunguze. Watoto wako wanachangamka kwenye Kiswahili na wananyamaza kwenye Sayansi. Wewe umeona tofauti ya somo, mimi naona pia tofauti ya lugha. Sayansi inafundishwa kwa Kiingereza, mtihani wake ni wa Kiingereza, na mtoto wa Gredi ya 8 Khwisero anapoulizwa swali la Sayansi anafanya kazi mbili kwa pamoja: kutafuta wazo na kutafuta sentensi ya kulibeba. Akihofia kuchekwa kwa sentensi, atalimeza na wazo. Hapa wewe mwalimu wa Kiswahili una silaha ambayo mwalimu wa fizikia hana. Uliza swali, kisha wape dakika mbili wasemezane wawili wawili kwa lugha yoyote wanayoiweza. Zunguka usikilize. Baada ya hapo ndipo uwaombe walitoe kwa Kiingereza, na maneno magumu uwe umeyaandika ubaoni tayari. Mtihani utafanywa kwa Kiingereza vile vile, na kwa njia hii mtoto atafika kwenye Kiingereza hicho akiwa na kitu cha kusema.

Sasa Sayansi yenyewe. Umetaja asidi, basi tukae hapo hapo. Andalio lako labda linaanza na maana ya asidi, kisha maana ya besi, kisha karatasi ya litmasi, ile inayobadilika rangi kwenye asidi au besi, kama shule inazo. Ligeuze. Waambie watoto waje na ndimu, jivu la jikoni, sabuni ya kipande, maziwa yaliyoganda, na musherekha, yaani yale maji ya jivu yaliyochujwa ambayo nyanya zao wanayatia kwenye mboga za mrenda na likhubi ili zilainike. Hakuna mtoto huko kwenu asiyeyajua. Wewe tafuta maua mekundu ya haibiskasi, yale ya kwenye ua wa shule nyingi. Ponda petali, tia maji moto kidogo, chuja kwa kitambaa safi, upate maji ya rangi nyekundu ya kiza. Yagawe katika chupa za maji za plastiki zilizokatwa katikati, moja kwa kila kundi.

Kabla hawajatia chochote, waulize: tukitia ndimu rangi itakuwaje, na tukitia musherekha? Hapo ndipo pa kusubiri sekunde zako, na hapo ndipo pa kuwaacha wasemezane. Kila kundi liandike linachotabiri. Halafu watie. Ndimu itaifanya rangi ing'ae kuwa nyekundu ya waridi. Musherekha itaigeuza kuelekea kijani. Darasa halitanyamaza, nakuhakikishia. Watabishana kuhusu maziwa, watataka kujaribu sabuni, mmoja atauliza kwa nini nyanya yake akizidisha musherekha mboga inakuwa na ladha ya kukera. Maana ya asidi na besi iandike mwishoni, baada ya mabishano, wakiwa na kitu cha kuiambatisha nayo.

Lifanye jaribio hili nyumbani jioni kabla ya siku ya somo. Fanya hivyo kwa kila jaribio utakalofundisha. Maua mengine rangi yake ni hafifu, na ni afadhali uligundue hilo jikoni kwako. Jambo la usalama pia: musherekha nzito huwasha macho, kwa hivyo watoto wasipulize wala kuonja, na maji ya kunawa yawe karibu.

Jambo hili si geni kwenu. Mradi wa SMASSE, ambao Wizara ya Elimu iliuanza 1998 kwa ushirikiano na Japani kwa ajili ya hisabati na sayansi za sekondari, ulianzia katika wilaya tisa, na Kakamega ilikuwa mojawapo. Mkazo wake ulikuwa shughuli badala ya hotuba, mwanafunzi badala ya mwalimu, na kubuni vifaa kutokana na vilivyopo badala ya kungoja maabara. Kwa hiyo katika sekondari zilizo karibu nawe huenda bado yuko mwalimu wa kemia au biolojia mwenye umri mkubwa aliyepitia mafunzo hayo. Huyo ndiye wa kumwendea kwa maudhui. Andika maswali yako yote ya muhula kwenye karatasi moja, yale ambayo ukiulizwa na mtoto huna jibu, umpelekee Jumamosi moja, ukae naye saa mbili. Usiende na ombi la "nifundishe sayansi", nenda na maswali. Na kama mkuu atapata barua ya mafunzo kutoka CEMASTEA, kile kituo cha Karen kilichotokana na SMASSE, mwambie mapema kwamba unaomba jina lako litangulie. Muhtasari wa somo upo bure kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya serikali inayotunga mitaala, upakue, maana kuna waalimu wanaotumia kitabu peke yake na kitabu kinaongeza mambo ambayo muhtasari haukuyadai.

CSO usimkatie tamaa. Umesema mwenyewe ana shule nyingi, na ni kweli. Zoni moja ina shule za kutosha kumaliza siku zake zote za kazi. Anapofika bila kuambiwa chochote, atafanya kile ambacho fomu yake inamtaka afanye. Mwandikie ujumbe mfupi kabla hajapanga safari zake: "Mwalimu, naomba siku utakapokuja shuleni kwetu uje kipindi changu cha Sayansi, Gredi ya 8. Nataka unisaidie kuona kwa nini watoto wa nyuma hawajibu. Nimeshaanza kuchora ramani ya wanaojibu, nitakuonyesha." Wengi wa maafisa hawa walikuwa walimu wazuri na ndiyo sababu wakateuliwa, na kazi ya makaratasi haiwafurahishi. Ukimpa swali atakupa jibu.

Kuhusu naibu, hofu yako ina msingi, sitakuambia uipuuze. Mtu mmoja akiwa ndiye anayekupa alama na ndiye unayetakiwa kumkiri udhaifu, mwalimu yeyote mwenye akili atamwonyesha kipindi bora tu. Kosa liko katika jinsi kazi ilivyopangwa, wewe hukuipanga. Kwa hivyo kwa sasa mwache na TPAD yake. Lakini fomu ya TPAD ina nafasi ya kuandika mahali mwalimu anapohitaji kusaidiwa, na nafasi hiyo huachwa tupu au hujazwa neno la kupita. Ijaze baada ya mwenzako kukutazama mara kadhaa. Andika: "Nafanyia kazi kuwashirikisha wanafunzi wote katika Sayansi kwa majadiliano ya wawili wawili." Hayo si maneno ya mtu aliyeshindwa. Ni ya mtu anayejua anachokifanya, na hata naibu mkali itamwia vigumu kukukata alama kwa hayo.

Mkuu mwombe kitu kimoja tu, na kisiwe pesa. Mwombe ratiba ikuruhusu wewe na mwenzako wa Gredi ya 3 muwe na kipindi kimoja kwa wiki ambacho mmoja anafundisha na mwingine yuko huru. Madarasa ya chini hutoka mapema kuliko yenu, kwa hivyo vipindi vya baada ya chakula cha mchana vinaweza kufaa bila kumsumbua mtu.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo mbinu zote hizi haziliondoi. Hukusomea Sayansi. Kupewa somo hilo bila mafunzo, bila maabara, bila mtu wa kukushika mkono, ni dhuluma kwako na ni dhuluma kubwa zaidi kwa watoto. Wasomaji wangu wengi wa JSS wako hivyo: wa historia anafundisha hisabati, wa jiografia anafundisha muziki. Usijilaumu usiku ukiwa na kitabu. Fanya unaloweza, na wakati huo huo lisemwe rasmi. Mwandikie mkuu barua ya ukurasa mmoja, ya adabu, ukieleza masomo uliyosomea, masomo unayofundisha, idadi ya vipindi, na ukiomba upungufu wa mwalimu wa sayansi uingizwe katika taarifa ya mahitaji ya walimu inayopelekwa TSC. Nakala moja ibaki nawe. Mwakilishi wa chama cha walimu cha KUPPET wa tawi lenu naye aonyeshwe, kwa kuwa chama kinaweza kusema kwa niaba ya walimu wengi yale ambayo mmoja akisema peke yake ataonekana mkaidi.

Barua hiyo iandike kabla walimu hawajaketi kugawana vipindi vya muhula ujao. Ratiba ikishabandikwa ukutani, hakuna atakayekubali kuigusa mpaka Agosti.